Shajara: kaseti ya njano ya Bad Brains, wimbo kwa wimbo

2 Machi

Haya, leo nimeanza rasmi. Nimefungua faili nimeliita "njano", basi. Mradi wenyewe ni huu: nachukua albamu moja ya panki (roki ya haraka na makelele), ile ya kwanza ya Bad Brains iliyotoka Februari 1982, alafu naiandika yote kwa Kiswahili, nani anapiga nini, mapigo yakoje na kila kitu kimetokea wapi.

Nimeichagua hii kwanza kwa sababu ilitoka kwa kaseti tu, lebo yao ROIR ya New York biashara yake wakati ule ilikua kaseti, sahani hawakutoa, na mimi ni mtoto wa kaseti, nimekua nikirudisha utepe kwa biki ili betri za redio ya baba zisiishe. Alafu nyingine ni kwamba ukimtajia mtu hapa mtaani panki anawaza wazungu wenye nywele zimesimama na pini mashavuni, sasa hawa ni vijana wanne weusi kutoka vitongoji vya Washington, wana rasta kichwani, na ndo waliokua wanapiga haraka kuliko karibu kila mtu wa wakati wao.

Jalada la kaseti ni njano, jengo la bunge la Marekani linapigwa radi kwenye kuba, maandishi mekundu na kijani. Ukiliona tu unajua rege iko jirani.

Nimechora jedwali: wimbo, muda, mapigo, gitaa, besi, dramu, sauti, na safu ya mwisho nimeiita "ushawishi". Nimejipa mwezi mmoja. Tuone.

3 Machi

Majina kwanza nisije nikachanganya baadae. H.R. anaimba (jina lake la nyumbani Paul Hudson, kazaliwa Liverpool, mama Mjamaika), mdogo wake Earl Hudson yuko kwenye dramu, gitaa Dr. Know, yaani Gary Miller, na besi Darryl Jenifer. Studio inaitwa 171A, iko Avenue A pale Manhattan, wamerekodi 1981.

Jina la bendi wamelitoa kwenye wimbo wa Ramones, bendi ya panki ya New York. Ila kuna kitu cha kuandika hapa, maana mtu akilitafsiri "akili mbovu" kaharibu. Hiyo "bad" ni ile ya Wamarekani weusi, ni kama sisi tunavyosema jamaa ni noma, jamaa ni hatari, na hakuna anayeita polisi. Kwaiyo nimeandika "Vichwa Hatari". Mdogo wangu kasoma akasema inasikika kama genge la bongo fleva la 2004. Nimeliacha hivyo hivyo.

7 Machi

Leo historia, na hapa ndo pananifurahisha. Kabla ya kuwa Bad Brains walikua wanaitwa Mind Power na walikua wanapiga jazi fyusheni (jazi iliyochanganywa na roki), vitu kama Mahavishnu Orchestra na Return to Forever, ile miziki ambayo mapigo yanahesabika 7 au 9 na mtu akikosea nusu pigo bendi nzima inamwangalia. Yaani hawa hawakuanza panki kwa sababu hawajui kupiga. Ile hadithi ya kawaida ya panki kwamba jifunze kodi tatu za gitaa uanzishe bendi, kwao imekuja kinyume, walikua na kodi kibao wakazipunguza. Rafiki yao Sid McCray ndo aliwaletea sahani za panki, Ramones, Dead Boys, Sex Pistols, wakasikia ile spidi wakasema tunaitaka, ila mikono iliyoipokea ilikua mikono ya jazi.

Alafu kuna kitabu. Baba yake H.R. alimpa kijana wake kitabu cha Napoleon Hill, kile cha 1937 cha kufikiri ukatajirika, na humo ndo walipopatia P.M.A. yao, mtazamo chanya wa akili, ambayo wimbo wa Attitude ndo unaibeba. Nimecheka peke yangu, maana hicho kitabu ukishuka kituo chochote cha daladala mjini utakikuta kimetandazwa chini kwenye turubai pamoja na vitabu vya tafsiri za ndoto, na kila mhamasishaji anacho. Kumbe kitabu cha semina za ujasiriamali kimezaa muziki wa watu kurukiana vichwani. Nimekiweka kwenye safu ya ushawishi, ushawishi si lazima utoke kwenye sahani.

Kuna kitu nimefuta pia. Nilikua nimeandika "go-go" kwenye nyimbo nne kwa sababu go-go ni muziki wa Washington, wa kina Chuck Brown. Nimerudia hizo nyimbo mara tatu, sijaisikia. Niliandika kwa sababu ya anuani yao tu. Hiyo ni sawa na mtu asikie bendi ya Tanga aandike "taarabu" bila kusikiliza.

12 Machi

Deki ya kaseti. Nimeipata ya mtumba, nzuri, nzito, mlango wa kioo, muuzaji kasema inapiga na kweli inapiga. Nimeanza kupima mapigo leo kwa ile programu ya simu ambayo unagonga kidole inakupa namba.

Tatizo la kwanza, programu inanipa namba mbili kwa wimbo mmoja, moja mara mbili ya nyingine. Imenichukua lisaa kuelewa kosa ni la kwangu. Kwenye hizi nyimbo za haraka Earl anapiga kiki (dramu kubwa ya mguu), snea (ile ndogo ya fimbo), kiki, snea, bila kupumzika, sasa kidole changu mara kinafuata snea peke yake, mara kinafuata vyote viwili. Nimeamua nafuata snea tu kwa nyimbo zote, na nimeandika hiyo sheria juu ya jedwali kabisa ili atakayerudia asipate namba zake akadhani mimi ni mwongo.

Pay to Cum kidole kimechoka kabla wimbo haujaisha, na wimbo wenyewe haufiki dakika moja na nusu. Huu waliutoa kwanza kama singo 1980, kwenye kaseti wameurudia.

16 Machi

Leo nimekua mnyonge kweli.

Jamaa yangu kaja na gitaa lake anisaidie kutafuta noti za besi. Kila akikamata noti inakataa, ya kaseti iko juu, karibu ifike noti inayofuata ila haifiki. Akasema labda walitune juu kidogo. Tukakubaliana hivyo, nikaandika kabisa "wametune juu karibu nusu toni", tena nikaanza kutunga sababu, eti kuongeza ukali wa sauti, nikaona nimegundua kitu. Baadae jamaa akafungua albamu hiyo hiyo kwenye simu na noti zote zikakaa sawa, gitaa halijaguswa.

Deki inakimbia. I Luv I Jah ina kama dakika 6 na sekunde 25, kwangu imeisha kwenye 6 na 5 hivi. Sekunde 20 nzima zimeliwa. Maana yake mapigo yote niliyopima siku nne ni ya uongo, na ile nadharia yangu ya kutune juu ni upuuzi mtupu. Nimeifuta huku jamaa anacheka.

20 Machi

Nimepeleka deki kwa fundi, mzee wa redio wa zamani, kaifungua kaangalia sekunde kumi tu akaniambia historia yake yote. Beliti ya zamani ililegea deki ikawa inaburuza, fundi aliyepita badala ya kubadilisha beliti akazungusha kile kiskrubu kidogo nyuma ya mota kuongeza spidi. Alafu muuzaji akatia beliti mpya ili aiuze, beliti mpya inavuta vizuri, na mota bado imeongezwa. Ndo ikawa inakimbia.

Utepe wa kaseti unatakiwa upite sentimita 4.76 kwa sekunde, ndo kipimo cha kaseti zote. Fundi hana kifaa cha kupimia, ila ana kaseti yake ya wimbo mmoja anaoujua urefu wake mpaka sekunde, anauweka, anaangalia saa ya ukutani, anazungusha skrubu kidogo, anarudisha mwanzo. Imechukua saa mbili na chai vikombe vitatu. Kakataa kuongezwa hela.

21 na 22 Machi

Kurudia. Kurudia. Kurudia.

25 Machi

Sasa namba ni za kweli na kuna kitu kimejitokeza ambacho sikukitegemea.

Ukihesabu nyimbo, rege ni tatu tu: Jah Calling, Leaving Babylon na I Luv I Jah. Ndo maana watu wengi wakiielezea hii albamu wanasema ni hadikoo (panki ya kasi na ukali zaidi) yenye rege kidogo ndani, ya kupumzikia. Nami nilikua nimeandika hivyo hivyo, "rege ya kupumzikia". Leo nimejumlisha muda. Albamu nzima ni nusu saa na dakika chache, na hizo rege tatu peke yake ni kama dakika 13. Zaidi ya theluthi! Ukikaa na kaseti, huwezi kuruka wimbo kama kwenye simu, unakaa nazo. F.V.K. inakupiga dakika moja imeondoka, alafu I Luv I Jah inakaa na wewe dakika sita. Mtu anayehesabu nyimbo na mtu anayeangalia saa wamesikia albamu mbili tofauti.

Na sio rege ya kuigiza. Earl anaacha pigo la kwanza wazi kabisa, kiki na snea vinashuka pamoja kwenye la tatu, gitaa linachapa pale katikati tu. Jah Calling haina maneno, ni mwangwi, vitu vinatupwa mbali vinarudi vimechakaa, ile dabu ya Jamaika kabisa ambayo fundi mitambo nae ni mpigaji. Wameingia Urasta baada ya kumuona Bob Marley jukwaani, na unasikia walikaa chini wakajifunza kama walivyojifunza fyusheni.

29 Machi

Hii ya leo naiandika yote.

Jirani yetu kuna mzee alipiga besi bendi za dansi miaka ya 80, siku hizi ana kuku na magoti yanamsumbua. Nimemfuata na redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndo hiyo kaseti ya wahuni?"

Nikamwekea Leaving Babylon kwanza, nakiri nilimtega. Kafumba macho kasikiliza mpaka mwisho, kidole kinacheza kwenye paja. Akasema, huyu wa besi ana adabu. Nikamuuliza adabu vipi mzee. "Anajua kunyamaza. Kijana akipewa besi anataka kujaza kila mahali, huyu anapiga anaacha, anakuachia na wewe uwaze."

Alafu nikaweka Banned in D.C. Sekunde tano akasema zima. Nikazima. Akakaa kimya kidogo, akasema rudisha. Ilipofika pale wanapokata spidi ghafla, muziki unakua mzito na gitaa la solo linaingia, akanishika mkono. "Umesikia? Wamesimama wote wanne mguu mmoja. Hiyo haiji kwa kelele mwanangu, hao wanafanya mazoezi kutwa." Tukarudisha pale pale mara sita, mpaka mkewe katoka jikoni kuuliza kuna nini.

Akaniambia kitu ambacho mimi na jedwali langu tusingekipata. "Sisi tulikua tunaimba kwanza, taratibu, maneno yanaeleweka, alafu ndo tunaachia sebene, na watu wanajua sasa wakati umefika. Hawa wameanza na sebene. Hawana salamu! Alafu katikati ndo wanakumbuka kukupa kiti." Nimecheka mpaka basi, ila ndo maelezo bora ya huo wimbo niliyowahi kuyasikia, nimeyaweka kama yalivyo.

Nikamuonyesha jedwali. Safu ya ushawishi haijamfurahisha. "Ukinisikiliza mimi utaandika nimeshawishiwa na nani? Nimepiga kwaya, nimepiga rumba, nimepiga harusi za Wahindi. Yote yako mkononi, siyatoi mfukoni moja moja."

Nikamwambia yule yule wa adabu ndo wa kelele. Hakuamini. Tukaweka nyimbo mbili zikifuatana, macho kafumba. Akasema ee, ni yeye, kidole ni kimoja.

31 Machi

Nimebadilisha safu. Haiitwi tena "ushawishi", inaitwa "mkono umetokea wapi". Inaonekana kitu kidogo ila imenibidi niandike upya karibu kila mstari. Zamani niliweka "Attitude: Ramones, Sex Pistols" basi nimemaliza. Sasa naandika kwamba spidi ni ya panki, ila ile kukata na kuingia kwa pamoja bila kuyumba ni kazi ya Mind Power, na kwamba Earl mikono yake myepesi, hapondi, ndo maana anaweza kwenda vile bila kuchoka. Supertouch/Shitfit ni vipande viwili vimeunganishwa, ukisikiliza pale kwenye kiungo hakuna aliyesubiri mwenzake. Big Takeover inapanda taratibu kama mtu anawasha pikipiki ya kick alafu inaondoka.

Na sauti ya H.R. nimeipa ukurasa mzima. Anapaa juu anatetemesha, anaongea, anabweka, kwenye rege anakua mtu mwingine laini kabisa. Jukwaani alikua anapiga sarakasi ya kinyumenyume anatua wimbo unapoisha. Hiyo kaseti haionyeshi ila ukijua, unaisikia.

Kuhusu kurekodi: wamepiga pamoja kama wako jukwaani, na inasikika, vyombo vinaingiliana, gitaa limo kwenye maiki ya dramu. Kwa spika nzuri inasumbua. Kwa redio ya mzee ilikua tamu.

4 Aprili

Lugha. Nimekwama siku mbili kwenye neno moja.

Babiloni haina shida, sisi tuliokua na kanda za Lucky Dube na za Justin Kalikawe wa Bukoba tunajua Babiloni ni nani na anavaa sare gani. Jah nae anajulikana. Shida ni ile "ai na ai" ya Marasta, ambayo ni mimi na wewe na Mungu ndani yetu kwa mpigo mmoja. Ukiandika "mimi na mimi" ni kichekesho, ukiandika "sisi" umeua imani yote iliyomo. Jina la I Luv I Jah lenyewe limejengwa humo. Mwishowe nimeacha "ai na ai" nikaeleza chini yake mistari mitatu. Mdogo wangu kapendekeza "mimi-sisi". Sio mbaya, nimeiweka kama mbadala.

Nimeongeza na aya fupi ya Ethiopia, kwamba Ras Tafari ndo jina la Haile Selassie kabla hajatawazwa Novemba 1930, maana kuna wasomaji vijana wanadhani rasta ni mtindo wa saluni.

8 Aprili

Kuna jambo nilitaka kuliruka. 1982 hiyo hiyo walipopita Austin, Texas waligombana vibaya na Big Boys na MDC, bendi za hadikoo wenzao, chanzo ni chuki ya Bad Brains kwa mashoga, wakaiegemeza kwenye imani yao. Jamaa wa gitaa kasema mradi ni wa muziki, achana nayo. Nimeiweka. Siwezi kuandika kurasa mbili za Urasta wao ulivyowapa rege nzuri alafu nikanyamazia upande huo wa pili. Mistari minne, bila mapambo.

13 Aprili

Waliofuata. Hii nimeipitia haraka, kila mtu ameshaiandika. Minor Threat na kizazi chote cha vijana wa Washington walikua wanaenda kuwaangalia na kurudi nyumbani kuongeza spidi. Beastie Boys kabla ya rapu walikua hadikoo na sahani yao ya kwanza ya 1982 waliirekodi studio ile ile ya 171A. Living Colour na Fishbone baadae. Na wimbo wa Banned in D.C. umetokana na kumbi za Washington kuwakataa, ndo wakahamia New York, kwaiyo hasara ya Washington ikazaa kaseti ya New York.

17 Aprili

Nilikua nimalize leo. Nyimbo zote zimejazwa, imebaki Jah Calling nisikilize mara ya mwisho nihakiki pale mwangwi wa pili unapoanza. Nimeweka, nimekaa na kalamu, na deki ikatafuna utepe.

Nimeusikia ule mlio, kila aliyekua na redio kaseti anaujua, moyo unashuka. Nimetoa taratibu, utepe umejikunja kama tambi pale kwenye kigurudumu cha mpira. Nimenyoosha kwa kucha, kipande kidogo kimekwanguka kabisa, hakirudi. Nikakata kwa wembe, nikaunganisha kwa selotepu nyembamba upande wa nyuma, nikarudisha kwa biki.

Inapiga. Kipande nilichokata kina sentimita 3, kwa 4.76 ni kama sehemu sita za kumi za sekunde moja, na kimepita na pigo moja la Earl, lile la tatu. Nimeliandika kwenye safu ya dramu: Jah Calling, nakala hii, pigo moja pungufu, limekatwa nyumbani.